Kiharusi: Kukitambua kwa Dakika Moja na Kumfikisha Mgonjwa Hospitali kwa Wakati

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu imevujia ndani ya ubongo au pembeni yake. Katika hali zote mbili seli zilizonyimwa damu huanza kufa ndani ya dakika chache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kwamba mtu ambaye mshipa wake mkubwa wa ubongo umeziba, na ambaye hajapata matibabu, hupoteza takriban seli milioni 1.9 za ubongo kwa kila dakika inayopita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliye karibu na mgonjwa wakati huo, awe mke, mtoto, jirani au mfanyakazi mwenzake, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kusema, hawezi kutembea, na wakati mwingine hata hatambui kwamba anaumwa.

Wapo wanaodhani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa nchi tajiri. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam ulionyesha vingine kabisa. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, watafiti walikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kuripotiwa duniani. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulikwenda katika maeneo hayohayo kuuliza watu wanaamini kiharusi kinatokana na nini. Wakazi wa Hai, huko vijijini, walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, na hospitali ndiyo iliyokuwa kimbilio lao la kwanza. Ni Dar es Salaam, mjini, ambako mapepo na uchawi vilitajwa zaidi, na ambako watu walianzia kwa mganga na kuikwepa hospitali. Nayataja haya bila nia ya kumdharau mtu yeyote. Yanaonyesha mahali muda unapopotelea, nako ni nyumbani, kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, katika mashauriano ya ndugu ambao kila mmoja anampenda mgonjwa na hakuna anayetaka kuamua peke yake.

Kwa hiyo jambo ninaloliomba kwa msomaji ni moja: uamuzi wa kwenda hospitali ufanywe na yeyote aliyeiona dalili, papo hapo, bila kusubiri kikao, bila kumpigia simu kaka mkubwa aliye safarini. Taarifa kwa ndugu zitolewe mkiwa njiani.

Dalili na namna ya kuzipima

Alama kuu ya kiharusi ni kwamba hutokea ghafla. Mtu alikuwa mzima, yuko katika shughuli zake, na ndani ya sekunde au dakika chache kiungo fulani kimeacha kumtii. Mama anayemimina chai anaona birika limemponyoka. Analiokota kwa mkono uleule na linamponyoka tena. Anapotaka kueleza kilichotokea, maneno yanatoka yamevurugika kana kwamba ulimi umekuwa mzito. Hakuna kinachomuuma, na pengine mwenyewe anasema ni uchovu tu, atajilaza kidogo. Hiyo ndiyo sura ya kiharusi katika nyumba nyingi, na ndiyo maana kinapuuzwa: tumezoea kuamini kwamba ugonjwa wa hatari ni ule unaomfanya mtu apige kelele, ilhali kiharusi cha mshipa kuziba kwa kawaida hakina maumivu yoyote.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kilibuniwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya wahudumu wa magari ya wagonjwa, nacho hakihitaji kifaa chochote. Unapima uso, mkono na maneno, kisha unaangalia saa.

Kwa uso, mwombe mgonjwa atabasamu au aonyeshe meno. Mzee ambaye hana mazoea ya kutabasamu kwa kuamriwa huelewa haraka zaidi ukimwambia, "Babu, hebu nionyeshe meno yako," au ukimwomba apulize kama anayezima mshumaa. Unachotafuta ni tofauti kati ya pande mbili: pembe moja ya mdomo imeshuka, mate yanachuruzika upande mmoja, shavu moja limelegea, au ule mkunjo unaotoka puani kuelekea kwenye pembe ya mdomo umefutika upande mmoja na kubaki upande wa pili.

Kwa mkono, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yake kwa pamoja, viganja vikitazama juu, kisha afumbe macho, nawe uhesabu polepole hadi kumi. Mkono wenye udhaifu hautabaki mahali pake: utashuka kidogo kidogo huku kiganja kikigeukia ndani, au utaanguka mara moja, au hautainuka kabisa. Kufumba macho ni muhimu, kwa sababu mtu akiwa anautazama mkono wake huweza kujikaza na kuuficha udhaifu ambao bado ni mdogo.

Kwa maneno, mwombe arudie sentensi fupi ya kawaida, kwa mfano, "Leo asubuhi mvua imenyesha shambani." Kuna namna mbili za kushindwa, na ya pili watu wengi hawaifahamu. Ya kwanza ni ile ya ulimi mzito, ambapo maneno ni sahihi lakini yanatoka yamepondeka. Ya pili ni pale matamshi yanapokuwa safi lakini maneno si yenyewe: anaita kikombe kiatu, anarudia neno moja kwa kila swali, au anakutazama tu bila kupata la kusema. Hata salamu ni kipimo. Mzee unayemwamkia kila siku, leo ukampa shikamoo naye asiitikie marahaba, au akaitikia kwa jambo lisilohusiana kabisa, usihitimishe kwamba amekasirika au kwamba ni uzee. Mtu wa namna hiyo mara nyingi anasikia na kuelewa mengi yanayosemwa mbele yake, kwa hiyo zungumza naye kwa heshima na umweleze unachokifanya.

Dalili moja kati ya hizo tatu inatosha. Usisubiri zitimie zote, na usirudie kipimo mara tano kwa matumaini kwamba safari hii mkono utabaki juu.

Zipo dalili nyingine ambazo kipimo hicho hakizinasi vizuri, hasa pale sehemu ya nyuma ya ubongo inapoathirika. Mgonjwa anaweza kupoteza ghafla uwezo wa kuona kwa jicho moja au kuona nusu tu ya kilicho mbele yake, anaweza kuona kitu kimoja kama viwili, anaweza kupata kizunguzungu kikali pamoja na kutapika na kushindwa kutembea bila kuyumba, au upande mmoja wa mwili unaweza kufa ganzi. Kuumwa kichwa kwa ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani na yaliyofikia kilele ndani ya sekunde chache, kunaweza kuwa ishara ya mshipa uliopasuka. Hapa pana kosa linalogharimu maisha ya watu kila siku: mtu anayeyumba, anayetapika na kuongea kwa kukokoteza hudhaniwa amelewa. Mlinzi aliyekutwa amekaa chini langoni asubuhi, au dereva wa bodaboda aliyeegemea ukuta wa kilabu, anaweza kuwa hajanywa chochote. Na hata kama amekunywa, pombe haimkingi mtu na kiharusi. Mpime kama unavyompima mwingine yeyote.

Wala usimwondoe mtu katika hesabu kwa sababu ya umri. Watoto na vijana wenye selimundu (sikoseli) wamo katika hatari kubwa ya kiharusi kuliko wenzao, na mtoto wa miaka saba mwenye selimundu ambaye ghafla anaburuta mguu mmoja au anaanza kutumia mkono wa kushoto badala ya wa kulia anapaswa kukimbizwa hospitali palepale. Mama mjamzito au aliyejifungua hivi karibuni, mwenye presha ya juu, kichwa kinachouma sana na macho yanayoona ukungu, naye ni dharura ya aina hiyohiyo.

Ni kweli kwamba si kila mdomo uliokwenda upande ni kiharusi. Upo ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso ambao hulegeza nusu nzima ya uso, kiasi kwamba mgonjwa hawezi kukunja paji la uso wala kufumba jicho la upande huo, ilhali katika kiharusi paji kwa kawaida hubaki na nguvu. Sukari iliyoshuka sana kwa mgonjwa wa kisukari huweza kuiga kiharusi kikamilifu, na udhaifu unaobaki baada ya degedege la kifafa pia. Hata hivyo kazi ya kutofautisha haya si ya nyumbani. Kitu pekee kinachofaa kufanywa hapo, ikiwa kifaa cha kupimia sukari kipo ndani ya nyumba, ni kupima mara moja. Kikionyesha chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L) na mgonjwa yuko macho, mlaze kwa ubavu, mpake sukari kidogo iliyoloweshwa ndani ya shavu, na muondoke. Kikionyesha vinginevyo, muondoke vilevile.

Dalili zikitoweka zenyewe baada ya dakika kumi au nusu saa, hapo ndipo familia nyingi hushukuru Mungu na kurudi kulala. Hicho ni kiharusi cha muda, yaani bonge liliziba mshipa kisha likayeyuka au likasogea, na ni onyo la karibu sana. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila watu kumi waliopata hali hiyo alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku 2 za mwanzo. Mtu huyu anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo ingawa anatembea na kuongea kama kawaida, na pengine anakataa kwenda.

Saa ya mwisho alipoonekana mzima

Ukishaona dalili, tazama saa na uiandike. Swali ambalo daktari atalirudia kuliko yote ni hili: mara ya mwisho mgonjwa alionekana akiwa mzima kabisa ilikuwa saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo manufaa yake yalithibitishwa katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila robo saa inayookolewa ndani ya muda huo huongeza uwezekano wa mgonjwa kurudi kutembea. Saa isipojulikana, daktari mara nyingi hulazimika kuiacha dawa hiyo kwa sababu ikitolewa kwa kuchelewa inaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo. Mgonjwa aliyeamka na dalili huhesabiwa tangu alipolala akiwa mzima, isipokuwa kama yupo aliyemwona baadaye. Ndiyo maana ni vizuri kuulizana upesi: je, aliamka alfajiri kuswali, alifungua mlango, alijibu simu, alimwitikia mtoto? Kitu kidogo kama hicho kinaweza kuisogeza saa kutoka usiku wa manane hadi alfajiri.

Katika kuisema saa hiyo kuwe na uangalifu wa pekee. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na fomu za hospitali huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Mtu akisema kwa haraka "ilianza saa mbili," mpokeaji anaweza kuandika 2:00, saa nane za usiku, wakati msemaji alikuwa na maana ya 8:00 asubuhi. Tofauti hiyo ya saa sita inatosha kumwondoa mgonjwa katika orodha ya wanaoweza kupewa dawa. Taja saa pamoja na sehemu ya siku, na ikiwezekana andika kwa mifumo yote miwili kwenye karatasi: saa mbili asubuhi, yaani 08:00. Karatasi hiyo aishike anayemsindikiza mgonjwa, wala isiachwe mezani.

Wakati mnasubiri usafiri

Mlaze mgonjwa mahali tambarare. Akiwa macho na hatapiki, mwinue kidogo kichwa na mabega kwa mto. Akiwa na usingizi mzito, anakoroma au anatapika, mlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Mtoe meno ya bandia kama anayo, mlegeze vifungo vya shingoni, mkanda, au khanga iliyokazwa. Akipata degedege, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza na umlaze kwa ubavu linapokwisha. Kijiko kisiingizwe mdomoni kwa hali yoyote. Asipohema na asipoitika, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akiendelea kutafuta gari.

Ukiacha ile sukari ya kupaka shavuni kwa aliyepimwa ikaonekana imeshuka, usimpe chochote kwa mdomo. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote katika nyumba zetu, kwa sababu kumpa mgonjwa maji ni huruma ya kwanza tuliyofundishwa. Kiharusi kikilegeza uso na ulimi, hulegeza pia misuli ya kumezea, na mgonjwa anaweza kuyapeleka maji, chai au uji moja kwa moja kwenye mapafu bila hata kukohoa. Homa ya mapafu inayofuata siku chache baadaye huua wagonjwa wengi ambao ubongo wao ungepona. Kama midomo imekauka, ilowanishe kwa kitambaa chenye maji, basi.

Katazo hilo linahusu dawa pia. Aspirini husaidia baadhi ya wagonjwa wa kiharusi, lakini ikitolewa kwa mtu ambaye mshipa umepasuka huweza kuzidisha kuvuja kwa damu, na hakuna anayeweza kutofautisha aina hizo mbili kwa macho, hata daktari bingwa, mpaka kipimo cha CT scan, yaani mashine inayopiga picha ya ndani ya ubongo, kifanyike. Vidonge vya presha navyo visitolewe hapo nyumbani. Presha hupanda wakati wa kiharusi kwa sababu mwili unajaribu kusukuma damu ifike kwenye sehemu iliyozibwa. Mtu akikuta mashine inasoma 200 kwa 110 akaamua kumwekea mgonjwa kidonge chini ya ulimi ili ishuke haraka, anaweza kuikata hata ile damu kidogo iliyokuwa ikiipa uhai sehemu hiyo. Hospitalini presha hushushwa kwa kiwango kinachopimwa na kwa sababu maalumu.

Ujumbe unaozunguka katika simu, unaoshauri mgonjwa achomwe kwa sindano kwenye ncha za vidole au masikioni mpaka damu itoke kabla ya kusogezwa, hauna msingi wowote wa kitabibu na unawachelewesha watu. Kumchanja chale, kumkanda kwa maji ya moto upande uliofa ganzi, ambako huweza kumwunguza bila yeye kuhisi, na kumpaka mafuta huku ndugu wakisubiri kuona kama ataamka, vyote vina tatizo hilohilo. Kwa anayeona kwamba maombi, dua au kisomo ni lazima, na najua kwa familia nyingi ni lazima kweli, vinaweza kufanyika ndani ya gari, kitandani hospitalini na nyumbani kwa waliobaki. Hofu kwamba mwenye pepo akichomwa sindano atakufa imewabakiza watu wengi majumbani, na namwomba kila kiongozi wa dini anayesoma haya awaambie waumini wake waziwazi kwamba mgonjwa apelekwe hospitali kwanza.

Kumbeba na kuchagua hospitali

Namba ya dharura ni 112 nchini Tanzania, na 999 au 112 nchini Kenya. Piga, na wakati huohuo mtu mwingine atafute gari, kwa sababu katika maeneo mengi gari la wagonjwa haliwezi kufika kwa haraka inayohitajika. Teksi, gari la jirani, au pikapu yenye godoro nyuma vinafaa. Bajaji inafaa kwa masafa mafupi ikiwa mtu mmoja anamshikilia mgonjwa kwa nyuma. Bodaboda haifai kabisa, kwa kuwa mgonjwa aliyepooza upande mmoja hawezi kujishikilia, na kufungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva hakuzuii kichwa kuning'inia na kuziba njia ya hewa.

Wakati wa kumwinua usivute mkono uliolegea wala kumnyanyua kwa kumshika makwapani. Misuli iliyokuwa ikilishikilia bega imelegea, na bega huchomoka kirahisi, likimwachia maumivu atakayokuwa nayo hata baada ya nguvu kurudi. Tandika shuka zito au blanketi chini yake kwa kumgeuza upande mmoja kisha wa pili, na watu wanne washike pembe nne.

Swali la hospitali gani linahitaji jibu kabla ya kuondoka. Zahanati ya mtaa iko karibu, lakini haina CT scan, na mgonjwa anayepitia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, huku kila mahali akifunguliwa faili na kuandikiwa rufaa, anaweza kumaliza zile saa 4 na nusu akiwa kwenye madawati ya kusubiria. Ikiwa hospitali yenye CT scan inayofanya kazi inafikika kwa muda usiozidi saa moja au mbili, nendeni huko moja kwa moja. Hospitali za rufaa za mikoa nchini Tanzania zimefungiwa mashine hizo kwa wingi katika miaka ya karibuni, na zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, kama zilivyo Kenyatta ya Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi huko Eldoret. Mtu akiwa mbali na zote hizo, au hali yake ikiwa ni ya kukata pumzi, apelekwe kituo kilicho karibu zaidi chenye oksijeni, na msindikizaji aombe tangu dakika ya kwanza kwamba maandalizi ya rufaa yaanze. Pigeni simu mbele mkiwa njiani kama mnayo namba.

Chukueni kadi ya bima, kadi ya kliniki ya presha au kisukari, na dawa zote anazotumia katika mfuko mmoja, pamoja na maganda matupu ya vidonge. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, zitajwe kwanza kabla ya nyingine zote, kwa kuwa zinabadilisha matibabu. Asindikize mtu anayejua historia ya mgonjwa. Wengine wabaki, au wafuate kwa gari jingine.

Mlangoni na baadaye

Mkifika, usikae kwenye foleni ukisubiri jina liitwe. Mwendee muuguzi wa mapokezi ya dharura na useme kwa sentensi moja: "Dada, tumeleta mgonjwa wa kiharusi, alionekana mzima mara ya mwisho saa mbili asubuhi, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi." Kauli ya namna hiyo ina uzito kuliko "mama amezidiwa," ambayo muuguzi huisikia kutoka kwa kila anayeingia. Ulizeni kama CT scan itafanyika sasa, na kama sukari imepimwa.

Ukweli ni kwamba dawa ya kuyeyusha bonge ni ghali na haipatikani katika hospitali nyingi za ukanda huu, na utaratibu wa kulivuta bonge kwa mrija kupitia mshipa unapatikana katika hospitali chache zaidi. Wapo wanaouliza, kwa uchungu unaoeleweka, kuna faida gani basi ya kukimbia. Faida ipo. Mgonjwa anayefika mapema hupimwa sukari na oksijeni, hurekebishiwa presha kwa usalama, hujulikana kama anavuja damu na kama anahitaji upasuaji, hupewa aspirini mara CT scan ikionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, na hupimwa uwezo wa kumeza kabla hajala. Uangalizi makini wa namna hiyo, unaofanywa na timu iliyojipanga kwa ajili ya kiharusi, umethibitishwa kupunguza vifo na ulemavu hata bila dawa ile.

Hilo la kumeza nalirudia kwa sababu hatari haikomi mlangoni. Saa ya kuona wagonjwa inapofika, ndugu huja na chupa ya uji iliyotengenezwa kwa upendo, wanamwinua mgonjwa nusu, na kumnywesha kwa kikombe huku amelegea upande mmoja. Kabla ya kijiko cha kwanza, mwulizeni muuguzi kama ameruhusiwa kula, chakula cha uzito gani, na akae vipi. Mara nyingi ataruhusiwa vitu vizito kidogo akiwa ameketi wima kabisa, na uji mwepesi utakuja baadaye. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na anzeni mazoezi ya viungo mara tu daktari anaporuhusu.

Maandalizi ya siku yenyewe

Nyumba yenye mtu wa presha, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi iwe na karatasi ukutani, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata msichana wa kazi aliyebaki peke yake na bibi anaweza kuzisoma. Pawe na maneno manne, uso, mkono, maneno, saa. Jina la hospitali yenye CT scan inayofanya kazi usiku na mchana, ambalo mmeliulizia wenyewe kwa kwenda au kwa simu. Namba za madereva wawili waliokubali kuamshwa usiku. Na dawa anazotumia mhusika. Huyo aliyebaki nyumbani aambiwe mbele ya watu wote kwamba ana ruhusa ya kuita gari na kuondoka na mgonjwa bila kumsubiri mwenye nyumba, na pesa ya nauli iwekwe mahali anapopajua.

Presha ipimwe. Ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote kinachoweza kuzuilika, haina dalili kwa miaka mingi, na ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara inahitaji matibabu ambayo kwa wengi ni ya maisha. Anayesema "presha yangu imeshuka, nimeacha dawa" aelezwe kwamba imeshuka kwa sababu ya dawa, na kwamba siku ya kuacha huamuliwa na daktari wake akiwa na vipimo mkononi.